Kisu kipya cha Husna

Beatrice, acha unachofanya usome hii. Nimetoka kwa Husna sasa hivi.

Si aliagiza kisu Dar, kwa yule dada anayeuza vyombo mtandaoni? Kimefika leo na basi, mpini unacheza. Wakwe zake kutoka Mpapura wameshakaa mkekani wanasubiri chakula, akaona isiwe taabu, akakatia kachumbari hivyohivyo.

Alipokuwa anakiosha mpini ukachomoka. Ndani kuna uchafu mweusi umegandamana, unanuka soksi. SOKSI, Beatrice!

Akampigia muuzaji, naye akajibu: "Dada, kipya hicho! Nilikijaribu mara moja tu, kukwangua magaga."

Magaga!! Ya miguu!!

Husna mbio hadi mkekani. Baba mkwe anatafuna. Akampokonya sahani.

"Kuna nini, mwanangu?"

Aibu ikamshika, akasema ameona mende.

"Mende tu? Mtoe, tuendelee kula."

Ikabidi aseme ukweli wote. Mzee akatoka nje, akasukutua mara tatu. Unamjua alivyo mpole, hata salamu anaitoa kwa kunong'ona. Akarudi, akanyoosha mkono.

"Mpigie huyo mwanamke, kisha nipe simu."