Ruta Iliyovishwa Kanga

Ijumaa, kisiwani Chole. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haishuki, joto tupu. Sina hamu ya chakula wala ya mtu.

Ruta yetu imekufa leo.

Cheka tu. Watu wanazika watu wao, mimi nalilia kidude cha plastiki chenye vitaa vya kijani. Lakini huku kwetu simu haishiki mtandao mpaka uteremke pwani, na kidude hicho, pamoja na antena niliyoifunga juu ya bati, ndicho kinachotuletea intaneti na kumleta dada yangu Rukia sebuleni kila Ijumaa. Rukia anafanya kazi za ndani Maskati. Tajiri wake humpa simu Ijumaa tu, baada ya swala, akishamaliza vyombo. Siku nyingine inafungiwa kabatini.

Ijumaa iliyopita alituuliza: mkataba unakwisha, aongeze au arudi? Tajiri alitaka jibu leo. Mama akamwambia, "Nipe wiki mwanangu, nimuombe Mungu kwanza." Akaswali istikhara wiki nzima. Jana akaniambia, uso umemnawiri, kwamba moyo wake umetulia: Rukia arudi. Nikataka kuandika ujumbe ili aukute akipewa simu, mama akakataa katakata. Neno kama hilo, anasema, mtoto hulisikia kinywani mwa mamake.

Basi, jana hiyohiyo, kwa furaha yake, akaisafisha nyumba. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Tivii ina kitambaa chake cha kufuma, redio ina chake, rimoti imo ndani ya nailoni tangu inunuliwe. Na mimi, mdomo wangu huu, nilishalalamika kwamba ruta ya kwanza iliuawa na chumvi ya bahari. Mama akaifunga hii ya pili nailoni, akazungusha uzi, kisha akaivisha vazi alilolishona kwa kipande cha kanga. Hakuacha hata tundu la kupumulia.

Alasiri nimerudi kutoka kazini Utende, nikamkuta amekaa mbele ya simu, kajitanda kanga mpya, kapaka wanja.

"Rukia hajapiga. Na kile kidude nimekichungulia, hakina taa. Chumvi tena?"

Nikalivua vazi. Nailoni ilikuwa imegandana na plastiki, harufu ya kuungua ikanipanda puani. Ruta ilikuwa imejipika yenyewe mle ndani.

"Ndiyo, mama. Chumvi."

Nikachukua simu yake nikateremka pwani. Mtandao uliposhika, simu za Rukia zilizokosa kupokewa zikamiminika, na mwishoni ujumbe: "Mama, nimepiga sana. Nimeona kimya, nikajua umeridhia niongeze ila unaona uzito kusema. Nimeshatia saini. Usilie."

Kimya!

Mila zetu hizi jamani. Mwari akiulizwa kuhusu posa akanyamaza, wakubwa husema amekubali, vigelegele vinapigwa. Rukia mwenyewe aliolewa hivyo, kwa kunyamaza, hakuna aliyerudi kumuuliza mara ya pili, na ndoa ile ndiyo iliyomkimbiza mpaka Maskati. Leo kamhesabia mama yaleyale aliyohesabiwa yeye.

Nina hasira, wallahi, na sijui nimkasirikie nani. Tajiri? Bahari? Mama siwezi. Nikimsomea ujumbe ataniuliza kwa nini simu haikuingia, na nikimweleza ukweli atajua kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomfungia mwanawe mlango. Nikimficha, atakaa tena na wanja wake Ijumaa ijayo, kamwekea Rukia neno ambalo halina kazi tena. Nimezunguka na simu hii mfukoni tangu alasiri.

Sasa Magharibi imeshapita. Mama yuko chumbani anashona. Amenituma kesho nikanunue ruta nyingine Kilindoni, na amesisitiza nimpe vipimo vyake mapema, maana vazi la safari hii atalitia pamba ndani. Anaimba kidogokidogo. Muda mrefu sikumsikia akiimba.

Sasa hivi ameniuliza, huku anakata uzi kwa meno, kama Rukia ameandika chochote.

Nimenyamaza. Mama akajua hakuandika, akaendelea kushona.