Kwetu Hatutetemeki

Groningen, 4 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Goti la Mama linaendeleaje?

Baba, wanafunzi wa udaktari hapa wanatupima mate sisi waruka mifereji kwa upondo, kabla ya shindano na baada, waone mwili unavyohangaika. Kabla ya kuruka, wangu ulihangaika kuliko wa mtu yeyote! Hylke, mwenzangu wa timu, akanicheka: "Wietske, unakwenda kuruka au kunyongwa?" Lakini nusu saa baada ya kuruka mimi nilishatulia, na yeye na utani wake wote bado anachemka. Wanafunzi wakatuuliza tunajiandaaje. Yeye hafikirii kitu. Mimi hujiambia wazi: naogopa, sasa nikimbie, nidake upondo uliosimama majini, nipande mpaka juu, nitue mchangani ng'ambo.

Tatizo ni kocha. Ameniona natetemeka, anataka kunitoa timu ya mkoa. Nifanyeje?

Binti yako,
Wietske

Jorwert, 9 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Goti la mama yako afadhali. Mimi mzima, ng'ombe wazima.

Mate! Watu hawana kazi. Weka mikono mfukoni, piga mluzi, cheka na watu. Niliruka miaka kumi na mitano, nani aliwahi kuniona natetemeka? Kwetu hatutetemeki.

Baba yako

Groningen, 1 Julai

Baba,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani?

Nilikusikiliza. Nilipiga mluzi mpaka midomo ikakauka, kisha nikadaka upondo vibaya, nikatumbukia majini, watu wakanipigia makofi ya kunicheka. Mate yalionyesha mwili haukutulia, na siku mbili sikupata usingizi.

Kocha amenipa nafasi ya mwisho, Jumamosi tarehe ishirini. Kama ninautia aibu ukoo, sema niache. Ila niambie kweli: wewe ulikuwa unafanyaje?

Binti yako

Jorwert, 17 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima. Nisamehe kuchelewa, nimechana barua tatu.

Kila Jumamosi ya shindano, asubuhi, nilikuwa natapika nyuma ya banda la ng'ombe. Halafu sili, silali, mpaka Jumanne. Mama yako alidhani ni kahawa. Na mgongo niliosema ndio ulionifanya niache kuruka, nilidanganya. Nilichoka kujificha.

Tetemeka, Wietske. Tetemeka mbele yao wote, ujiambie yale yako. Tutakuja.

Baba yako

Jorwert, 22 Julai

Wietske wangu,

U mzima? Mikono haikuumi? Basi la timu liliwachukua kabla sijakufikia, kwa hiyo naandika.

Mita kumi na tano na nusu! Kocha alivua kofia, nimemwona kwa macho yangu. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula.

Lakini nikuambie jambo. Uliposimama tayari kukimbia, mikono ikikutetemeka watu wote wakiona, mzee mmoja kando yangu akasema, "Masikini, msichana mwoga vile ni wa nani?"

Nikapaza sauti mpaka mama yako akanivuta koti: "Ni wangu! Na huko kutetemeka karithi kwangu!"

Baba yako