Bibi Asteria, Mashuka Yamekwisha

Mwaka mmoja umetimia, Bibi yetu mpendwa, tangu asubuhi ile ulipotuacha, cherehani yako ikiwa imefunikwa kitambaa, na kando yake mashuka yaliyochanika yakingoja mkono wako.

Ulipostaafu uhudumu wa wodi ya wazazi, wengi walidhani utabaki barazani ukiitikia marahaba. Wewe ukafungua cherehani. Sare za wanafunzi wa Mbegani ulizishona kwa malipo. Mashuka ya wodi uliyoiacha uliyatia viraka bure, kwa kuwa, ulisema, mama aliyetoka kujifungua hastahili kulala juu ya tundu. Vipande vya sare vilivyobaki ulivishona kofia za vichanga, hata tukazoea kuona watoto wa siku mbili wakiwa wameshavaa rangi za shule.

Mwanao Clever aliihofia presha yako.

"Mama, si umestaafu? Pumzika basi."

"Nimestaafu mshahara, Clever, sijastaafu watu. Mashuka yakiisha nitapumzika."

Hayakuwa yakiisha. Siku moja akauficha mkanda wa cherehani. Alikukuta mkekani, sindano mkononi, ukishona taratibu.

"Mkanda umeuficha, baba. Na hii mikono utaifungia kabati gani?"

Alicheka, akaurudisha. Tangu hapo akawa mtunga uzi wako, maana macho yako yalikuwa yameanza kuchoka.

Ulituonyesha kwamba heshima ya mzee hukua anapoendelea kuhitajiwa. Nasi, kwa kulijua sharti lako, mwaka mzima hatukuthubutu kukuandikia neno "pumzika", ingawa kila aliyekuja kutupa pole alilitamka.

Clever huketi kwenye cherehani yako kila Jumamosi. Mishono yake imepinda, na bila shaka ungeifumua, lakini imeshika. Wiki iliyopita alilipeleka wodini shuka la mwisho kati ya yale uliyoyaacha.

Amerudi na mengine. Hayo, Bibi, ni yetu.

Unakumbukwa na wanao Wilbrodi, Vicky na Clever, wakwe zako, mjukuu wako Klementina aliye chuoni, pamoja na wajukuu wote, jirani yako Bi Ashatu na familia yake, na wahudumu wa wodi ya wazazi.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Sasa pumzika.