Kiti cha Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Maji nimeyavulia nguo, sharti niyaoge. Siku ya usaili waliniuliza kama naimudu kamera. Nikajibu bila kupepesa: barabara! Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepiga picha za simu tu, na nusu yake ni za kidole changu mwenyewe.

Leo Mkurugenzi amenikabidhi kamera ya karakana yetu ya samani, nzito kama tofali, pamoja na agizo: viti kumi na mbili, picha moja moja, kwa ajili ya katalogi. Ijumaa saa nne asubuhi. Muda wangu wa majaribio kazini unakwisha siku hiyohiyo. Hakusema kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Hakuhitaji kusema.

Nimesoma kijitabu cha maelekezo hadi ukurasa wa arobaini. Bado sijui kifuniko cha lenzi hutolewaje — hapana, nimejua. Hubanwa pande mbili.

Jumanne, 5 Machi

Picha thelathini na nane. Zinazofaa: hakuna!

Kila kiti kina doa jeupe mgongoni, kana kwamba kimemwagiwa maziwa. Nikazima flashi. Picha zikaja na ukungu. Kumbe mwanga ukipungua, kamera hukaa imefumbua jicho kwa muda mrefu zaidi, nami mikono yangu haijui kutulia. Nikaiweka juu ya meza, nikabonyeza huku nimebana pumzi. Ukungu ukatoweka. Doa likabaki palepale! Nimefurahi kuliko inavyostahili: angalau sasa najua kwamba matatizo yalikuwa mawili.

Mafundi wamepata burudani ya bure. Fundi wa randa aliuliza kama kamera nayo imemaliza chuo kikuu. Mpiga vanishi, ambaye karakana nzima humwita Mzee Msasa, akamkemea: amwache binti wa watu ajifunze, kwani yeye randa ilimla kucha ngapi kabla hajaijua?

Jumatano, 6 Machi

Nimeazima shuka jeupe la dada yangu liwe pazia la nyuma. Sharti lake: "Likirudi na vanishi, wewe usirudi."

Shuka halikusaidia. Nimebadili kila kinachobadilika kwenye kamera hii, doa halikutikisika. Saa tano hivi nikainua macho kwa bahati tu, nikamwona fundi wa randa akikisugua kiti kinachofuata kwa kitambaa na nta. Anakisugua kwa nguvu zote! Nikamuuliza kulikoni. Akanishangaa.

"We msomi, mtu akienda kupigwa picha si hujipaka mafuta kwanza?"

Siku mbili! Siku mbili nzima wamekuwa wakivipaka nta viti vyangu kwa heshima, navyo vinanirudishia mwanga wote usoni. Mzee Msasa alicheka hadi akakohoa. Kisha akaifuta nta, akakisogeza kiti hadi dirishani, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na mbao.

"Njoo huku, mwanangu. Mwanga wa mbele ni mshenga, kazi yake kusifu. Huu wa ubavuni ndio unaosema."

Nikainama kando yake. Mishipa ya mbao ikajitokeza yote, mmoja mmoja, kama ramani ya mito. Nikapiga. Hiyo ndiyo picha yangu ya kwanza. Sizihesabu zile nyingine.

Alhamisi, 7 Machi

Kumi na moja zimekamilika kabla ya saa nane, zote kwa mwanga wa ubavuni. Sikuchoka hata kidogo.

Cha kumi na mbili ni kile kiti kikubwa cha nakshi ambacho Mkurugenzi anakitaka kwenye jalada. Picha imetoka nzuri ajabu. Nimeikuza kwenye kompyuta ili nijisifu. Kwenye mguu wa mbele, chini kidogo ya sehemu ya kukalia, kuna mstari mweusi wenye urefu wa kidole. Haufuati mishipa ya mbao.

Nimeshuka kumwuliza Mzee Msasa. Aliweka msasa chini. Kisha akasema mguu ulipasuka wakati wa kuunganishwa, mbao nyingine hazikuwapo, Mkurugenzi alikuwa anahimiza. Akaujaza vumbi la mbao na gundi, akapaka vanishi juu. Akaniuliza kama nimemwonyesha mtu. Nikasema bado. Akarudi kwenye kazi yake, lakini msasa ulikuwa ukipita mahali pamoja tu.

Nimekipiga tena, safari hii kwa mwanga wa mbele. Ufa hauonekani kabisa! Kiti kilekile, mguu uleule, saa ileile. Sikujua kwamba kamera inaweza kusema uongo bila mtu kuigusa picha. Natamani ningeligundua hili kwa kiti kingine chochote.

Ijumaa, 8 Machi. Saa tatu na dakika arobaini

Naandika huku namsubiri Mkurugenzi.

Mzee Msasa amepanda hapa ofisini, kofia mkononi. Sijawahi kumwona huku juu. Aliomba azione picha zote mbili. Ile ya mbele hakuitazama sana. Ile ya ubavuni aliitazama mno, akaufuata ufa kwa ukucha bila kukigusa kioo cha kompyuta. Akasema nimejifunza upesi. Nikamwuliza nimpe Mkurugenzi ipi.

"Usinitwike mimi, mwanangu. Mimi nilikuwa na siku yangu ya kuchagua, nikachagua gundi."

Akatoka. Hakufunga mlango.

Namsikia Mkurugenzi ngazini. Anauliza kwa sauti, kabla hata hajafika, kama picha ya jalada iko tayari. Nimejibu: iko tayari, Mkurugenzi.

Iliyo kwenye kioo ni ile ya ubavuni. Mkono mmoja uko juu ya kipanya. Bado ngazi sita, saba — sijaibadilisha —