Ndege Kifuani

Jumamosi, Julai 1955

Na sasa ni ndege ya pili. Ile ya kwanza ilitua Lanet bila gurudumu moja. Hii ya asubuhi imetua Keringet, katikati ya viazi vya mtu. Rubani ni mzima. Viazi ndivyo vilivyoumia. Kampuni yetu ina ndege mbili tu, kwa hivyo hesabu ni rahisi.

Mimi na Salimu tunamiliki kampuni na timu ya mpira pia, na ni mimi niliyetaka wachezaji washonewe ndege kifuani. Niliona ni tangazo la bure.

Leo golkipa wetu alipoanguka, watu wa Naivasha wakapiga kelele: "Mwacheni hapo hapo, ameshatua!" Salimu mwenyewe alicheka.

Tulishinda. Halafu kapteni wetu, Kiprono, akanijia. "Mzee, tunakuheshimu. Lakini kesho kwa fainali hatuvai hiyo ndege. Ukilazimisha, hatuingii uwanjani."

Wasipoingia, kombe limekwenda, na sina kitu kingine kilichobaki cha kuwaonyesha watu.

Nikakubali. Tangu magharibi mke wangu anafumua ndege kwa wembe. Sasa hivi ameniita nione.

Fulana za kijani zimepauka kwa jua, isipokuwa pale palipofunikwa. Ndege bado ipo, kijani kibichi, inaonekana kuliko mwanzo.

"Niendelee, Baba Zuhura?"

Nimemwambia alale. Kesho watavaa fulana ndani nje.

Zile ndege mbili za kampuni sijui nizigeuze vipi.