Ile Ilikuwa Rangi ya Dawa

Mama,

Nakuandikia kutoka Mwene-Ditu, huku Kasai, mji uliokuwa ukiuita "kwetu" bila kuuona hata siku moja. Mimi nimeuona. Watu wanaongea Kiluba cha haraka, na nikijibu wanacheka, wanasema huyu Mkatanga ametoka wapi. Kolwezi tulifukuzwa kwa sababu sisi si Wakatanga. Wewe ungecheka hadi ushike mbavu. Mimi bado siwezi.

Dada Ngalula yupo, amekonda. Mtoto wake amepona surua. Kazi hakuna, shamba hatujui kulima, na wenyeji wetu wamechoka nasi ingawa hawasemi. Jumapili hii ukoo unakutana kuondoa matanga yako, na mimi ndiye nitakayesimama kueleza ulikufaje, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuuguza. Kila mtu hapa anajua tayari kwamba muuguzi wa Kikatanga alikuua kwa sumu. Wameyasikia kwa Ngalula. Ngalula aliyasikia kwangu. Kwa hiyo kabla sijasimama mbele yao, nataka wewe uwe wa kwanza kusikia.

Unaikumbuka sindano ya kwanza. Daktari alikuwa amekwisha kukutoa titi, akasema sasa zitafuata sindano sita, moja kila wiki tatu, kuufuata ugonjwa mahali ulikojificha. Dawa yenyewe ilikuwa nyekundu, kama siro ile tuliyokuwa tukichanganya na maji siku ya komunyo. Mama Judith, muuguzi, aliketi kando yako akaisukuma polepole, hakuondoa macho kwenye mkono wako. Aliniambia ikitoka nje ya mshipa inachoma nyama. Alisema hivyo ili nisikutikise. Mimi nikabaki na neno moja tu: inachoma.

Kisha yakaja yale mengine. Ulitapika siku mbili. Mdomo ukajaa vidonda, ukawa unakunywa uji uliopoa. Bukari, ugali wetu wa kila siku, ukaisukuma pembeni, ukasema inanuka shaba, nami nikakutania kwamba shaba ya Kolwezi imekufuata hadi kwenye sahani. Kucha zikaingia weusi. Nywele zikabaki kwenye mto, nyingi, na siku uliyotoka uani bila kitambaa, mama wawili wa jirani wakaja wameshika vichwa, wakauliza ni nani amekufa. Walidhani umenyoa kwa ajili ya kilio. "Bado," ukawaambia, "mutarudi kesho." Wakakaa wakacheka nawe, na mmoja wao akakuletea kitambaa chake cha buluu.

Wakati huo maji yalikuwa hayaji tena kwenye nyumba za kampuni ya shaba kule Dilala, pampu zimekufa, kwa hiyo ulitumia ndoo, nami nilikwenda kuimwaga. Asubuhi baada ya sindano ya pili niliikuta ndoo nyekundu. Nilisimama nayo uani. Sikukuuliza. Ningekuulizaje? Nina jina la baba yako. Tangu nizaliwe uliniita "tata" kama ulivyomwita yeye, ukanisalimia kwa kupiga goti kidogo, mzaha ambao haukuwa mzaha. Mambo ya mkojo hayasemwi mbele ya baba. Wewe ukanyamaza kwa aibu, mimi nikanyamaza kwa woga, na ndoo ikawa kati yetu.

Niliwauliza watu wengine. Hapo ndipo nilipopotea, Mama. Kwetu neno ni moja tu. Dawa inaponya, na mtu akifa ghafla tunasema walimpa dawa. Ilikuwa miezi ile ambayo tuliitwa bilulu, wadudu, hadharani, na watoto waliimba hivyo njiani. Nikisema muuguzi Mkatanga anampa mama yangu dawa, ananyonyoka nywele, kucha nyeusi, anakojoa damu, ni nani wa kwetu angenijibu tofauti? Wakatikisa vichwa. Wakasema wamemtia dawa. Baada ya sindano ya tatu ndoo ikawa nyekundu tena, nami nikawa nimeamini.

Halafu vijana wa Kikatanga wakaja kwenye barabara yetu, wakatufukuza nyumba kwa nyumba. Unajua tulivyotoka: wewe juu ya baiskeli, mimi nasukuma, Ngalula na mtoto na sufuria. Daktari wetu, naye wa Kasai, alikuwa amefukuzwa siku chache kabla. Tukakaa kwenye uwanja wa shule karibu na stesheni, maelfu ya watu, tukingoja treni isiyokuja. Ulikuwa na kipande chako cha turubai na ule mkeka. Ulihesabu siku kwa vidole. Ulijua sindano ya nne imefika.

Sasa sikiliza.

Alikuja. Ulikuwa umelala, Ngalula amekwenda kuchota maji, asubuhi ya saa nne hivi. Niliona mwanamke anapita katikati ya watu na kikapu cha matembele kichwani, watu wanamtazama vibaya kwa kuwa wanamjua si wa kwetu. Alikuwa ametutafuta siku mbili. Hakuvaa nguo ya kazi. Aliinua majani akanionyesha vichupa chini yake, na mpira, na sindano.

"Tata Mukendi, mi niko na dawa ya mama. Ni ya ine. Munganga wa hospitali alinibakishia mbele ya kufukuzwa. Tumubebe kwa bamasere, ni hapa karibu, natamutia mi mwenyewe."

Kwa masista palikuwa mwendo wa dakika kumi. Nilimwambia dawa yao tumekwisha kuiona. Nilisema maneno mengine pia, na watu waliokuwa karibu wakasimama. Mama Judith aliwatazama, akanitazama mimi. Hakubishana. Alifunika vichupa kwa majani akaondoka, na mtu mmoja akamtupia tope mgongoni. Sikumzuia mtu huyo. Nilifurahi, Mama. Nisikudanganye tena.

Ulipoamka ukaniuliza kama Mama Judith hajaonekana. Nikasema hapana. Ukaniuliza kesho yake, na kesho kutwa. Ukamtetea: labda mtoto wake anaumwa, labda barabara imefungwa. Kisha siku moja ukasema taratibu, "Na yeye ametuacha," ukageukia ukuta wa shule. Hukuuliza tena. Wiki tano baadaye tukakuzika Kolwezi, kwenye ardhi iliyotukataa, na treni ikaja siku nne baada ya hapo. Hata mahali penyewe sikuweka alama zaidi ya jiwe.

Daktari nimemkuta hapa. Anatibu watu chini ya hema la kanisa, ana stetoskopu na vidonge vya malaria, basi. Nilimwendea kwa hasira nimweleze alivyokuua muuguzi wake. Nilipofika kwenye ndoo akanishika mkono. Akasema ile ilikuwa rangi ya dawa. Inapita kwenye mkojo siku moja au mbili, halafu inakwisha. Damu haikuwamo. Nywele, kucha, vidonda, vyote vilitarajiwa, na Mama Judith alikueleza yote kabla ya sindano ya kwanza, kwa faragha, wanawake wawili. Halafu akauliza, "Hakuwafikia? Nilimwachia dawa ya mara tatu."

Nilimuuliza kama ungepona. Akasema labda, na labda hapana, na kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kunijibu sasa. Nilitaka aseme hapana. Ningemshukuru maisha yangu yote.

Basi Jumapili nitasimama, na nitasema niliyoyafanya. Najua Ngalula hatanitazama tena. Wengine hawataamini, maana chuki imekwisha kukaa vizuri vifuani mwao, na mimi ndiye niliyeikaribisha. Mama Judith hatasikia. Sijui hata kama alifika nyumbani salama siku ile. Haitamrudisha mtu, wala haitakurudisha wewe. Lakini jina lake halitaondoka kwenye matanga yako likiwa jina la mchawi. Hilo nakuahidi, na sina ahadi nyingine.

Lala, Mama. Wewe uliondoka ukidhani umesahauliwa. Hakukuacha. Alikuja na kikapu kichwani, katikati ya watu waliotaka kumpiga, akitaka tukubebe kwa masista. Mimi ndiye niliyemfukuza, kisha nikakuambia hajaonekana.

Mukendi