Mtoto Aliye Hai kwa Kadi ya Marehemu

Dada Mshauri, nisaidie, maana nimechoka hata kulia. Mwaka juzi mwanangu Gisa alifariki kwa kuhara akiwa na mwaka mmoja, tukamzika na ofisini hapa kambini hatukusema, kwa sababu ukisema mtoto amekufa jina linafutwa kwenye rasheni, na mimi nilikuwa na mimba, na mume wangu Baudouin akasema, "Wacha tu, ule atazaliwa atakamata fasi yake," basi nilipojifungua mtoto wa kiume hapa nyumbani tukampa jina la kwenye rasheni na kadi ya chanjo pia, na si sisi peke yetu, kwa jirani yangu Mukarukundo ni vivyo hivyo, na nyumba nyingine mbili. Sasa surua imeingia, nikampeleka huyu kituoni, ana miezi kumi tu, muuguzi akatazama kadi akasema, "Huyu alishachanjwa, lakini mbona mdogo hivi?" akampima, akaandika kwamba amedumaa, nami nikarudi naye bila chanjo. Baudouin anasema, "Ukisema, batatufunga." Jana mtoto wa jirani alitokwa na vipele. Nifanye nini?

Olga, Rubondo, kambi ya wakimbizi ya Nakivale

Olga, pole kwa Gisa. Nadhani wachache walikupa pole hiyo, maana mlimzika kimyakimya. Lakini nitakugombeza, ingawa nami nimechoka, barua kama yako hii ni ya tano mwaka huu.

Wanaopanga dawa, wauguzi na visima wamekaa mjini Mbarara, makaburi yenu hawayaoni. Wanasoma karatasi. Mtaa wenu umezika watoto wanne, karatasi inasema hakuna aliyekufa, basi pampu mpya inapelekwa kwingine na nyinyi mnaendelea kunywa maji yaleyale. Na mwanao mzima kabisa amehesabiwa kuwa amedumaa! Mnawadanganya watu mnaowangoja wawasaidie. Njaa siilaumu, foleni ile hata mimi nimeipanga.

Kesho asubuhi mbebe mtoto, mwambie muuguzi, "Huyu si yule wa kwenye kadi." Achanjwe kwanza. Halafu wewe, Baudouin na Mukarukundo nendeni ofisini mkaandikishe vifo, siku na ugonjwa, kisha waliozaliwa. Rasheni huenda ikapungua kwa muda, sikufichi. Nenda hivyohivyo.

Karani atauliza huyu anaitwa nani. Barua yako nimeisoma mara mbili, jina lake sijaliona. Kama hata nyumbani mnamwita Gisa, leo jioni kaeni mumpe la kwake.